Filamu za Kihispania na Mfasiri wa Kiswahili: Maoni kwa Ajili ya Ngara na Biharamulo

Kihispania ni lugha ya watu zaidi ya milioni 400, nao wametoa baadhi ya waongozaji wakubwa wa filamu duniani. Hata hivyo msemaji wa Kiswahili huwajua waongozaji hao kidogo sana, na hicho akijuacho humfikia kwa njia ya Kiingereza. Tamthilia ya Meksiko *Los ricos también lloran* ya mwaka 1979, kwa mfano, ilipoonyeshwa katika televisheni ya Kenya miaka ya 1990, ilikuwa imekwisha kutiwa sauti za Kiingereza. Makala haya yanakusudia kueleza hasara ya safari hiyo ya kupitia lugha ya tatu, na kutaja filamu zistahilizo kufasiriwa kwanza. Watazamaji wanaofikiriwa ni wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako kuishi baina ya lugha mbili au tatu ni jambo la kila siku.

Wilaya mbili na lugha zake

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Wenyeji wake husema Kihangaza na Kishubi, na Kihangaza kinakaribiana na Kirundi hata wasemaji wa lugha hizo husikilizana bila taabu kubwa. Biharamulo ina Washubi, Wazinza, na Wasukuma wengi waliohamia. Kiswahili ndicho lugha ya shule ya msingi, ya baraza na ya hospitali. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakapigishwa kambi Benaco. Mwaka uliofuata Redio Kwizera ikaanza kutangaza kutoka Ngara. Mahali penye historia kama hiyo neno la mkalimani laweza kumpatia mtu haki yake, au kumkosesha.

Desturi ya kueleza filamu

Kufasiri filamu kwa Kiswahili si jambo geni. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la filamu za elimu kwa Wabantu, lililofanya makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zake zilizungushwa kwa gari Tanganyika na nchi za jirani, na maelezo yake yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Baadaye yakaja mabanda ya video, yale ambayo vijana wa Tanzania huyaita vibanda umiza. Humo wakatokea wafasiri wa aina mpya, ambao hushusha sauti ya filamu na kuieleza wenyewe. Mmoja aliyepata sifa ni Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lufufu. Na kule Uganda ni VJ Jingo. Mchunguzi Matthias Krings, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonyesha kwamba wafasiri hawa hawahamishi maneno tu, bali huongeza maelezo, mizaha na maonyo, hata filamu ya kigeni ikawa kama hadithi ya nyumbani. Ufundi huo una thamani yake. Lakini msikilizaji asiyejua lugha ya asili hana njia ya kutambua ni wapi filamu imekoma na mfasiri ameanza.

Mfano wa Mogambo

Hatari hiyo yaonekana katika filamu ambayo Kagera ina fungu lake. Mwongozaji Mmarekani John Ford alipotengeneza *Mogambo*, iliyotolewa mwaka 1953, baadhi ya sehemu zake zilipigwa kando ya Mto Kagera. Jina hilo lilitangazwa kuwa ni la Kiswahili, lakini Kiswahili hakina neno hilo. Lililo karibu nalo ni *mgambo*, yaani wito wa mbiu, ambao hauhusiani na kisa chenyewe. Kisa ni cha mke wa mtu anayempenda mwindaji. Hispania wakati ule ilikuwa chini ya Franco, na mwaka 1941 serikali yake iliamuru kila filamu ya kigeni itiwe sauti za Kihispania. Wakaguzi hawakutaka wananchi waone mke akimsaliti mumewe. Wakabadili maneno ili mume na mke wawe kaka na dada. Matokeo yake, ndugu hao walionekana wakiishi hema moja kwa mapenzi yasiyokuwa ya ndugu, na aibu iliyofichwa ikazaa aibu iliyo kubwa zaidi. Maneno peke yake yalitosha kuvuruga yote.

Kinachopotea katika Kiingereza

Upotofu mwingine hutokea bila kusudi la mtu. Kihispania hutofautisha *tú*, ambalo ni la wenzi na wadogo, na *usted*, ambalo ni la heshima. Kiingereza cha leo kina neno moja kwa yote mawili. Mfasiri wa Kiswahili anayesoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha huona neno hilo moja, naye huandika *wewe*. Laiti angalisikia *usted*, angalijua kwamba hapo panafaa *mzee*, *mama* au *bibi*, na kwamba salamu yake ni *shikamoo*. Kiswahili kina njia nyingi za kuonyesha heshima, lakini hazitumiki kwa sababu lugha ya katikati imekwisha kuifuta alama.

Majina nayo hupotoka. Filamu ya Guillermo del Toro ya mwaka 2006, *El laberinto del fauno*, kwa Kihispania yataja mzingile wa fauno, yaani kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Jina la Kiingereza likamwita kiumbe huyo Pan, mungu wa Wayunani, ambaye del Toro mwenyewe alisema siye. Mwongozaji huyo aliandika mwenyewe tafsiri ya Kiingereza ya maneno ya filamu hiyo, kwa kuwa hakuridhika na ile iliyofanyiwa filamu yake ya awali.

Kwa upande wa sauti kuna nafuu. Kihispania, kama Kiswahili, kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo kulinganisha maneno ya Kiswahili na midomo ya wachezaji wa Kihispania huenda kukawa kwepesi kuliko kwa wachezaji wa Kiingereza.

Filamu zistahilizo kutangulia

Ya kwanza ni *Ixcanul* (2015) ya Jayro Bustamante wa Guatemala. Wahusika wake ni wafanyakazi wa shamba la kahawa chini ya mlima wa volkano, nao husema Kikaqchikel, lugha ya Wamaya. Msichana María, mwenye mimba, anaumwa na nyoka na kupelekwa hospitali, ambako lugha ni Kihispania. Mkalimani wake ni msimamizi wa shamba, mchumba aliyechaguliwa na wazazi, naye hafasiri kwa uaminifu. Familia inatia saini karatasi isiyoielewa, na mtoto anapotea. Filamu hii ilipata tuzo katika tamasha la Berlin mwaka huo.

Ya pili ni *Roma* (2018) ya Alfonso Cuarón wa Meksiko, iliyopata Oscar tatu mwaka 2019. Mtumishi Cleo husema Kimixteki na mwenzake jikoni, na Kihispania na matajiri wake. Filamu hii ilipoonyeshwa Hispania iliwekewa maandishi ya Kihispania cha huko, hata *mamá* likaandikwa *madre*. Cuarón akapinga vikali, na maandishi yakaondolewa. Funzo hili lawahusu pia wasanifishaji wa Kiswahili.

Ya tatu ni *La teta asustada* (2009) ya Claudia Llosa wa Peru, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin. Humo mama na binti huimba kwa Kikechua mateso ya vita. Nyimbo hizo zinahitaji mshairi, wala si mfasiri wa maneno tu.

Ya nne ni *Los olvidados* (1950) ya Luis Buñuel, juu ya watoto maskini wa Jiji la Meksiko. Haiwaonei watoto hao huruma ya bure, na ukali wake haujachakaa. Ya tano ni *El espíritu de la colmena* (1973) ya Víctor Erice. Gari la sinema linafika katika kijiji cha Hispania mwaka 1940. Mtoto Ana haelewi alichokiona, naye dada yake anamweleza kwa uongo. Maneno yake ni machache, hivyo yafaa kwa mfasiri anayeanza.

Filamu za Pedro Almodóvar, kama *Todo sobre mi madre* (1999), zina sifa kubwa, lakini utamu wake umo katika maneno ya mitaani. Yafaa zingoje mfasiri aliyekwisha kukomaa.

Pendekezo

Filamu tatu za kwanza zina lugha mbili, na tafsiri ya Kiswahili kitupu itaziua. Mtazamaji akisikia Kikaqchikel na Kihispania vyote kwa Kiswahili, kisa cha hospitali hakina maana tena. Kwa Ngara yapendekezwa Kihispania kifasiriwe kwa Kiswahili, na Kikaqchikel kwa Kihangaza. Na kwa wale wa Biharamulo wasiokijua, maandishi ya Kiswahili yawekwe chini ya picha.

Yawezekana kupinga kwamba mpango huu unakivika Kiswahili vazi la lugha ya washindi. Kweli, Kiswahili hakikuingia Kagera kama Kihispania kilivyoingia Guatemala. Lakini bibi wa Bugufi aliyefika hospitali bila Kiswahili anategemea uaminifu wa yule anayemsemea, sawasawa na María. Wanaokipenda Kiswahili hawana sababu ya kuogopa kuliona hilo katika filamu, maana wataalamu wa lugha ndio wanaoweza kuwafunza wakalimani wa hospitali na wa baraza.