Mbishi, Mlumbi na Mjuaji: Uchunguzi Mfupi wa Maana

Makala haya yanakusudia kueleza namna Kiswahili kinavyomtaja mtu anayejadiliana kwa nia ya kushinda tu, asijali ukweli uko upande gani.

Tuanze na Lulimba, katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, ambako Kiswahili huzungumzwa pamoja na Kibembe na lugha nyingine. Wakati wa kiangazi wafugaji huteremsha ng'ombe kutoka milimani kutafuta malisho, na mara nyingine mifugo huharibu mashamba. Hapo huitishwa kikao cha kuzungumzia fidia. Katika kikao cha namna hiyo, kumwita mwenye haki mbishi, au kumdhania mbishi kuwa mwenye haki, kwaweza kuzaa uadui wa miaka mingi.

Mbishi, ambaye kwa matamshi ya Kongo ni mubishi, ametokana na kitenzi bisha, yaani pinga. Mabaharia hukitumia kitenzi hicho pia kwa chombo kinachokwenda kinyume cha upepo. Lakini nahodha hubisha ili afike. Mbishi hupinga hata pasipo mahali pa kufika.

Umbo la neno hili nalo lastahili kuangaliwa. Kutokana na shinda tunapata mshindi, na kutokana na shindana tunapata mshindani. Kiambishi -an- chaonyesha kwamba tendo lina pande mbili: mshindani humhitaji mwenzake, hali mshindi husimama peke yake. Mbishi limeundwa kama mshindi. Halina -an-, ingawa kubishana kunayo. Kinyume chake ni mpatanishi, kutoka patana na patanisha, ambaye jina lake limebeba pande zote mbili. Hatusemi kwamba umbo la neno huamua tabia ya mtu. Twasema tu kwamba hapa umbo na maana vimeafikiana.

Mlumbi si mbishi. Huyu ni msemaji fasaha, na sifa yake ni njema. Hata hivyo, kutoka kwenye mzizi huo huo tunapata malumbano, ambamo ufasaha waweza kugeuzwa silaha ya kumshinda mwenzi bila ya kumjibu. Mjuaji naye hujifanya ajua kila jambo, tofauti na mjuzi, ambaye ajua kweli. Wote wawili wametokana na kitenzi jua.

Anayepingana na hao ni mwenye hoja. Wahenga walisema: mwenye kelele hana neno. Lakini kelele peke yake si kipimo cha kutosha, maana aliyeharibiwa mazao aweza kupaza sauti kwa uchungu, na mbishi akasema kwa upole. Kipimo bora ni kuuliza ni jambo gani lingemfanya mtu akubali kwamba amekosea. Mwenye hoja atakubali kwenda shambani kutazama nyayo. Mbishi atakataa kwenda, au atakwenda na kurudi na neno lile lile.