Picha za Wazee Kutoka Ng'ambo: Kusafisha Si Kubuni



Juma hili nataka tuzungumzie mali iliyomo katika nyumba nyingi za mijini, ambayo haihesabiwi na mtu. Aghalabu imo juu ya kabati au chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati au bahasha ya kaki. Ni picha za zamani za wazazi wetu, hasa zile walizopiga walipokuwa masomoni ng'ambo.

Kizazi cha wazee wetu kilisafiri. Mwezi Septemba 1959, kwa juhudi za marehemu Tom Mboya, ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda Marekani. Mwaka 1960 Umoja wa Kisovieti ulifungua mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, nacho mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, baada ya shujaa huyo wa Kongo kuuawa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, vijana wa Zanzibar walikwenda Ujerumani Mashariki. Katika miaka ya 1970, Watanzania na Wazambia walikwenda Beijing kusomea kazi ya reli, ili waje waendeshe TAZARA. Wengi wao leo wana umri wa miaka 70 na 80, na wengine wametutoka.

Walirudi na shahada, koti zito lisilovaliwa Dar es Salaam, na picha. Shahada ilitundikwa ukutani, koti likaliwa na nondo. Picha je?

Hebu kwanza tuelewe kwa nini picha huharibika, kwani anayejua ugonjwa ndiye ajuaye dawa. Picha ya zamani ni karatasi iliyopakwa utando mwembamba wa jeletini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, ndani ya utando huo mna chembechembe za madini ya fedha, na hizo ndizo zinazotuonyesha sura. Madini hayo hudumu. Ndiyo maana picha ya mwaka 1965 ya nyeusi na nyeupe huweza kuwa safi kuliko ya rangi ya mwaka 1978. Ukiona ya nyeusi na nyeupe imefanya mabaka ya manjano au kahawia, mara nyingi ni kwa sababu dawa ya mwisho ya chumba cha giza haikuoshwa ikatoka yote.

Picha ya rangi ni habari nyingine. Ile ina rangi tatu zilizopangwa tabaka kwa tabaka: ya manjano, ya waridi iliyokolea, na ya samawati. Katika picha nyingi za miaka ya 1960 na 1970, rangi ya samawati ndiyo hupauka kwanza, hata kama picha imefungiwa gizani. Ikiondoka hiyo, picha nzima hugeuka nyekundu. Si kosa la mzee wala la mpiga picha. Ni kemia.

Adui wa pili ni hewa yetu ya pwani. Jeletini ni chakula cha kuvu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, kuvu huota. Na wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar wanaujua unyevu wao. Aidha, picha iliyobanwa kwenye kioo cha fremu hunata, na zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu huigandamiza picha mpaka haibanduki.

Sasa tuje kwenye tiba. Hapa lugha yetu yenyewe ina mtego. Tangu enzi za filamu, sisi husema "kusafisha picha" tukiwa na maana ya kuipeleka studio ikatolewe. Asije mtu akasikia neno hilo akachukua maji na kitambaa! Picha kuukuu haioshwi nyumbani. Ukiipangusa kwa kitambaa chenye maji, jeletini hulainika na sura huondoka na kitambaa. Vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu. Iliyonata kwenye kioo isivutwe. Ipigwe nakala hapo hapo ilipo, juu ya kioo chake.

Kanuni kuu ni hii: tunatengeneza nakala, hatugusi asili. Picha hunakiliwa kwa skana, na marekebisho yote hufanyika ndani ya kompyuta. Kwa picha ya ukubwa wa kadi ya posta, mwambie fundi aweke nukta 600 kwa inchi. Kwa vile vipicha vidogo vya sentimeta 6 kwa 9, nukta 1200. Ikiwa mzee alihifadhi negativu au slaidi, basi umebahatika, kwani humo mna mengi kuliko yaliyomo katika karatasi. Hizo zinakiliwe kwa nukta 2400 au zaidi. Lakini ukifungua kopo la negativu ukasikia harufu ya siki, jua kwamba plastiki yenyewe inaoza. Zitenge na nyingine, uzinakili upesi.

Asiye na skana atumie simu. Laza picha mezani karibu na dirisha, mahali penye mwanga usio wa jua kali, zima taa ya simu, ushike simu sambamba na meza. Na ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, maana njia ya pili huipunguza ubora.

Mpaka hapo ni kazi ya mikono. Linalonitia wasiwasi zaidi ni jingine, nalo nitalieleza kwa kisa cha nyumbani kwetu.

Baba yangu alisoma Moscow tangu mwaka 1968. Katika picha zake mna moja ya vijana wanne wamesimama kwenye theluji. Nyuma yake mwenzake mmoja aliandika kwa Kirusi "Na pamyat", yaani "kwa kumbukumbu", kama ilivyokuwa desturi ya huko, akaweka tarehe na majina. Mzee alipotimiza miaka 75, mtoto wa shangazi yangu, kwa nia njema kabisa, aliipeleka picha hiyo studio moja ya mjini. Ilirudi kubwa, ya rangi, katika fremu ya dhahabu, nyuso laini kama za waigizaji wa sinema. Tulipiga makofi.

Mzee alivaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Huyu wa kushoto ni nani?"

"Si rafiki yako, mjomba? Yule mliyekaa naye chumba kimoja."

"Hapana. Yule alikuwa na kovu juu ya jicho. Huyu simjui."

Fundi alitumia programu ya akili mnemba. Programu hizo hazioni kilichofichwa na kuvu. Hukisia, kwa kufuata maelfu ya nyuso zilizofunzwa. Ikiona doa shavuni haijui kama ni uchafu au ni kovu, basi hufuta. Ikiona jicho limefifia hutengeneza jicho jipya, la mtu asiyekuwapo. Na koti ambalo baba anasema lilikuwa la kijivu lilitoka la buluu. Lililotuuma zaidi ni kwamba picha ya asili ilikuwa imebandikwa kwa gundi juu ya kadibodi, na maandishi ya nyuma hayasomeki tena.

Sisemi vyombo hivyo vitupwe. Kufuta mkunjo angani au kwenye ukuta wa nyuma hakumdhuru mtu, na kurudisha rangi iliyogeuka nyekundu ni kazi halali, kwa kuwa mabaki yake yangalimo. Lakini uso wa mtu usibuniwe. Penye tundu pabaki tundu. Mwambie fundi hivyo kabla hajaanza, uhifadhi nakala ile ya kwanza isiyoguswa, na udai picha yako ya asili irudi kama ilivyokwenda: haikukatwa, haikubandikwa.

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha isiyo na jina ndiyo hiyo. Siku iliyofuata baba alikaa kitako akanitajia kwa kichwa yale yaliyokuwa nyuma ya picha: majina yote manne, nchi zao, bweni, mwezi. Nikayaandika. Kisha tukachukua picha ya pili, na ya tatu. Akaeleza mwaka wa kwanza wa kujifunza Kirusi tu, kabla ya masomo yenyewe, na safari ya likizo kwenda Leningrad, mji ambao tangu 1991 unaitwa St Petersburg. Hayo hayamo katika skana yoyote.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwanzo wa kazi hii ni daftari na mzee, ndipo skana ifuate. Ipe kila picha namba, na namba hiyo hiyo iandikwe daftarini. Uliza: ni nani, wapi, lini, na nani aliyepiga. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwenye ukingo, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya na kuchafua. Kisha zitie picha katika bahasha za karatasi nyeupe, ndani ya sanduku, pakavu, mbali na sakafu na bati la paa. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya visitupwe. Vina kazi humo. Nakala za kompyuta ziwe sehemu mbili, nyumba mbili tofauti, kwani simu huibiwa na diski hufa.

La mwisho. Si kila mwanafunzi wa wakati ule alikuwa na kamera. Picha alizorudi nazo mzazi wako zina sura za wenzake ambao pengine hawakurudi na hata moja. Yule mwenye kovu alifariki dunia miaka mingi iliyopita. Mwaka jana binti yake alikuja nyumbani akitafuta picha ya ujana wa baba yake. Tulimpa nakala ya ile ya kwanza, yenye mikunjo na mabaka, na kovu lake likionekana. Aliitambua kabla hatujamwambia ni yupi.

Jumapili hii, mnaojaliwa kuwa na wazee, shusheni sanduku. Hadi juma lijalo, kwaherini.