Vidonge vyeupe vya sandukuni: tuwalinde watoto wachanga

Mwezi huu tunaongea juu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuweka kwenye nguo.

Juzi tulikwenda kumpongeza jirani yetu aliyejifungua. Mama akafungua sanduku, akatoa blanketi alilolitunza tangu mtoto wake wa kwanza. Harufu kali ikajaa nyumba nzima, nasi tukasifu kwamba inanukia usafi. Mhudumu wa afya tuliyekuwa naye akamwambia, "Mama, usimfunike nalo kwanza." Tulishangaa, maana sisi wenyewe wanetu tuliwafunika hivyo hivyo.

Ni kitu gani hasa?

Makaa ya mawe yakichomwa kiwandani bila hewa hutoa lami nyeusi, na naftalini hutolewa humo. Kidonge kinapungua kila siku bila kuyeyuka kuwa maji, kwa sababu kinageuka hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoua wadudu, na ndiyo hiyo inayoingia kwenye blanketi na mapafuni mwetu. Mwaka 2002 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka naftalini kati ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Kwa nini mtoto?

Naftalini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Wanaodhurika zaidi ni wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana katika nchi zenye malaria kama zetu, hasa kwa wavulana. Mtu anaonekana mzima kabisa, wala wazazi hawajui. Kwa mtoto mchanga, damu ikipasuka mwili unakuwa wa manjano, na manjano ikizidi inaweza kuharibu ubongo.

Dalili zinaweza kuchelewa siku moja mpaka tatu. Angalieni haya:
- macho au ngozi kuwa ya manjano;
- mkojo mweusi kama chai ya rangi;
- viganja na midomo kupauka;
- mtoto kulegea, kupumua haraka au kukataa kunyonya.

Ukiona hata moja, usisubiri kesho. Mvue nguo zenye harufu, mpeleke kituo cha afya, na useme wazi kwamba kulikuwa na naftalini.

Akimeza je?

Kwa mtoto mdogo kidonge kinafanana na peremende, na kimoja tu kinaweza kumdhuru vibaya. Toeni kilichobaki mdomoni. Msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta: tumezoea kusema maziwa ni dawa ya kila sumu, lakini naftalini huingia mwilini haraka zaidi ikikutana na mafuta. Kimbieni kituoni na pakiti yake, hata kama mtoto bado anacheza.

Tufanye nini nyumbani?

Nguo za mtoto tusiziwekee vidonge kabisa. Zilizokwisha kuwekewa tuzifue kwa sabuni na kuzianika juani mpaka harufu iishe yote. Ikibaki, tufue tena. Wadudu hupenda nguo zenye jasho na uchafu, kwa hiyo nguo safi iliyokauka vizuri na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa inakaa salama. Anayetumia vidonge kwa nguo za wakubwa avifungie sandukuni, nje ya chumba cha kulala, mbali na moto maana vinashika moto. Vikiuzwa kimoja kimoja bila pakiti, tusinunue. Hatuwezi kujua ni kemikali gani.

Kuna wanaovitupa kuzunguka nyumba wakitaka kufukuza nyoka. Nyoka havimzuii, ila mtoto anayetambaa ataviokota. Bora tufyeke majani na kuziba mashimo.

Yule jirani alilifua blanketi mara mbili, akalianika siku nzima. Sasa mtoto analala nalo, na halinuki kitu. Basi leo, kabla jua halijazama, tufungue na sisi masanduku yetu.