Usitupe maganda ya vitunguu!

JE, mpenzi msomaji, wajua kwamba maganda ya vitunguu unayoyatupa kila jioni yaweza kuugeuza uzi mweupe ukawa na rangi ya dhahabu?

Zamani nguo zilitiwa rangi kwa mimea, wadudu na madini. Kisha mwaka wa 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini jijini London. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau, na biashara ya rangi za viwandani ikaanza kushamiri.

Hata hivyo, mimea haijashindwa. Ikiwa wewe au wanao mnafuma, tafuta gramu 100 za uzi wa sufu, gramu 10 za shabu na gramu 50 za maganda makavu. Maganda ni mepesi, kwa hivyo mwombe muuza vitunguu sokoni akuwekee. Tumia sufuria ambayo hutaipikia chakula tena.

Kwanza loweka uzi. Yeyusha shabu katika maji ya moto, tia maji mengine, kisha tumbukiza uzi. Pasha moto polepole kwa saa moja bila kuacha maji yatokote. Usiruke hatua hii, kwani shabu ndiyo inayoishikisha rangi.

Chemsha maganda kwa saa moja, chuja, na uache maji yapoe kidogo. Ingiza uzi ungali na unyevu, upashe moto polepole kwa saa moja, kisha uuache humo hadi asubuhi. Suuza, na uanike kivulini. Jihadhari: sufu ikitolewa kwenye maji ya moto na kutiwa ghafla katika maji baridi hujikunyata, na kazi yako imeharibika.

Je, bizari ya manjano? Hiyo hutoa rangi ya kupendeza upesi, lakini jua huila upesi vilevile. Basi kabla ya kuuza chochote, zungushia kipande cha uzi kwenye kadi, funika nusu yake, na ukiweke dirishani penye jua kwa majuma mawili. Nusu mbili zikitofautiana sana, usiufumie uzi huo mkoba wa kuuza. Mteja ambaye mkoba wake umechujuka harudi, tena huwaambia wenzake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.