Tarakilishi zafa kwa joto, hewa ya Gusii ikipita nje

Kuna ada iliyozoeleka katika shule nyingi za Kisii na Nyamira. Shule ikipata tarakilishi, iwe kwa harambee ya wazazi au kwa hisani ya wafadhili, jambo la kwanza ni kutia vyuma madirishani, la pili ni kuteremsha mapazia mazito, na la tatu ni kuukomea mlango kwa kufuli. Wezi wapo na vumbi lipo, kwa hivyo sina ugomvi na tahadhari. Ila nashikilia kuwa katika kuwazuia wezi wa nje, tumemfungia ndani mwizi asiyevunja mlango. Mwizi huyo ni joto.

Hebu tushike kalamu tupige hesabu. Tarakilishi ya mezani inayotumia wati 100 hugeuza karibu umeme huo wote kuwa joto. Mwanafunzi aliyeketi kitako naye hutoa joto la takriban wati 100. Chumba chenye mashine 40 na wanafunzi 40 basi kina wati 8,000, sawa na kuwasha meko manane ya umeme ya wati 1,000 kila moja, kisha madirisha yakafungwa. Wahandisi wana kanuni ya kukadiria isemayo kuwa kapasita za elektroliti hupoteza nusu ya umri wake kila joto linapozidi kwa nyuzi 10. Prosesa nayo ikizidiwa hujipunguzia mwendo ili isiungue, nasi twadhani imeingiwa na virusi.

Lipo na jambo jingine lituhusulo sisi watu wa milimani. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi. Kwa kiwango kimoja cha joto, lita moja ya hewa ya Kisii ina uzito mdogo kuliko ile ya Mombasa kwa takriban asilimia 18. Kiasi cha joto ambacho hewa yaweza kubeba hutegemea uzito wake, si ujazo wake. Ili kuondoa wati 100 kwa hewa inayopanda joto kwa nyuzi 10, feni ya Mombasa yatosha kupitisha lita 8 na nusu hivi kwa sekunde, ilhali ya Kisii yahitaji zaidi ya lita 10. Fidia tuliyojaliwa na Mola ni ubaridi wa milima yetu, na huo ndio tunaoufungia nje kwa pazia.

Je, dawa ni kununua feni kubwa? Si lazima. Ulizeni katika viwanda vya majani chai vya Kebirigo, Nyansiongo au Sanganyi. Kabla ya majani kusagwa, hutandazwa juu ya wavu na feni kubwa huvumisha hewa kutoka chini ili yanyauke. Yakirundikana upande mmoja, hewa hulikwepa lundo na kupita palipo wazi, na lundo hubaki bichi. Ndivyo ilivyo katika sanduku la tarakilishi. Hewa hufuata njia rahisi, na kipande kilichojificha nyuma ya nyaya huungua ingawa feni yavuma.

Kwa kuwa hewa haionekani, wahandisi huiiga kwa hesabu. Kanuni za mwendo wa vimiminika na gesi zilianzishwa na Mfaransa Navier mwaka 1822 na kukamilishwa na Stokes wa Uingereza mwaka 1845. Ni ngumu mno kutatuliwa kwa kalamu, ila katika hali chache nyepesi. Kwa hivyo nafasi hukatwakatwa kuwa vijisanduku maelfu au mamilioni, na kwa kila kimoja tarakilishi hukadiria hewa iingiayo na itokayo, msukumo wake na joto lake. Mbunifu huona penye joto kali, akasogeza feni au akapanua mapezi ya alumini kabla ya kukata bamba hata moja. Programu iitwayo OpenFOAM ifanyayo kazi hiyo hutolewa bila malipo tangu mwaka 2004.

Nasikia walimu wenzangu wakisema haya ni ya chuo kikuu. Nawapinga. Mwalimu wa fizikia asiye na mashine hata moja aweza kuanza na karatasi ya miraba. Ukingo mmoja aupe nyuzi 80 na mitatu iliyosalia nyuzi 20, kisha kila mraba wa ndani uwe wastani wa majirani wake wanne. Wanafunzi warudie hesabu mpaka tarakimu zitulie. Watakuwa wamechora jinsi joto lisambaavyo katika bamba la chuma, na watakuwa wameonja uigaji wenyewe. Wenye mashine wafanye vivyo hivyo kwa jedwali la hesabu, kisha wapande ngazi.

Tukiendelea kumfundisha mwanafunzi kutaja sehemu za tarakilishi bila kumuuliza mapezi yale ya alumini ni ya nini, tutakuwa tunalea wanunuzi wa vitu vya wengine. Mtaala wa umilisi wadai atende, na chumba kile kilichofungwa ndicho maabara yake ya kwanza. Apime joto asubuhi na alasiri, afuate mkondo wa hewa kwa moshi mwembamba wa udi, kisha aueleze mkutano wa wazazi ni dirisha lipi litiwe wavu na kufunguliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na walimu wakuu waanze kwa kuyaondoa mapazia.