Mbu Si Mchukuzi

Husemwa kwamba mbu huchukua ugonjwa, kana kwamba ni hamali atwaaye mzigo hapa na kuutua pale. Neno hilo lawafaa wadudu wengine. Nzi amuumaye ng'ombe mwenye ugonjwa wa mapele ngozi aweza kufukuzwa kwa mkia kabla hajashiba, akamrukia ng'ombe wa pili na damu ingali mdomoni. Virusi vikafika kama vilivyotoka. Huo ni uchukuzi hasa.

Katika homa ya Bonde la Ufa mambo ni mengine. Mbu jike anyonyapo damu ya kondoo mgonjwa, virusi huingia tumboni mwake, na huenda vikafia humo. Lakini vikipenya ukuta wa utumbo huzaana, vikaenea mwilini hata katika tezi za mate. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, nayo huharakishwa na joto. Tangu hapo kila aumapo hutia mate yenye virusi, maana mate ndiyo yaizuiayo damu isigande. Mbu huyu afanana zaidi na shamba.

Ugonjwa huu ulizuka karibu na ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1930, ukaelezwa na Daubney, Hudson na Garnham mwaka 1931. Lililotatanisha ni kwamba hupotea kwa miaka mingi, kisha huzuka baada ya mvua kubwa, kama ile ya 1997 na ya 2006. Hujificha wapi? Katika mayai. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kandokando ya mabwawa ya msimu, na baadhi ya mayai hurithi virusi vya mama, yakakaa katika udongo mkavu miaka kadhaa bila kufa. Maji yakijaa, huzaliwa mbu wenye virusi tayari. Baadaye mbu wa jamii ya Culex huueneza.

Kondoo wenye mimba huzitupa karibu wote, na watoto wao hufa kwa wingi. Walakini binadamu wengi huambukizwa kwa kugusa damu na maji ya uzazi ya mnyama mgonjwa. Mfugaji alalaye ndani ya chandarua, kisha asubuhi akamzalisha kondoo kwa mikono mitupu, hakujikinga. Chanjo nayo yapasa itangulie mvua. Maradhi yakiisha kuzuka, sindano moja ipitishwayo kutoka mnyama hadi mnyama yaweza kuvieneza virusi, na hiyo, tofauti na mbu, ni mchukuzi kweli.