Je, Wajua? Karafuu za Pemba Ghalani

Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na thamani yake hutegemea ghala karibu sawa na shamba. Karafuu mbichi huanikwa juani kwa siku kadhaa juu ya majamvi au sakafu hadi zigeuke hudhurungi na uzito wake ubaki kama theluthi moja. Unyevu unaotakiwa ni takriban asilimia 12 au pungufu. Ukizidi, gunia huota ukungu na karafuu hupoteza rangi.

Huko Pemba, anayeweka karafuu ghalani huogopa zaidi hewa ya bahari na mvua za vuli, ambazo mara nyingi huangukia katikati ya mavuno. Ndiyo maana magunia hayalazwi chini wala kuegemezwa ukutani: hupangwa juu ya mbao ili hewa ipite. Joto nalo si dogo, kwani huvukiza mafuta yenye eujenoli, kiini cha harufu yake, na karafuu isiyo na harufu ni kijiti tu.

Wakulima wengi huweka magunia nyumbani kama akiba ya ada za shule au harusi. Mnunuzi mkuu ni Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC), lenye vituo vya ununuzi kisiwani. Hata makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hayatupwi: hutolewa mafuta katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake.